Kuijua Idadi si Kumjua Mtu: Maisha ya Daktari John Carothers wa Mathari



Kila tarehe 11 Februari, Mama Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani. Mwaka 2006 Papa Benedikto XVI aliielekeza siku hiyo kwa ndugu zetu wanaosumbuliwa na magonjwa ya akili, akiwaalika waamini wawe karibu nao na karibu na familia zao. Tangu wakati huo tumezoea kuwataja katika sala za waamini. Lakini kumtaja mtu katika sala ni jambo moja, na kumtambua kuwa ni mtu ni jambo lingine. Tunapenda kulitafakari jambo hilo kwa kuyapitia maisha ya daktari mmoja ambaye jina lake lilivuma sana katika Afrika Mashariki ya kikoloni, naye ni John Colin Carothers wa hospitali ya Mathari, Nairobi. Hatumleti mbele yenu kama mfano wa kuigwa, wala hatukusudii kumhukumu marehemu, kwa kuwa hukumu ni ya Mungu. Tunamleta kwa sababu kosa lake ni kosa ambalo hata sisi wenyewe tumelitenda.

Yatupasa tuanze na hilo la kwetu.

Kisa cha Kidichi

Wageni wengi wanaofika Kidichi hupelekwa kuyaona mahamamu aliyoyajenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, kisha hutembezwa katika mashamba ya karafuu, mdalasini na iliki. Nyuma ya mashamba hayo, katika nyumba za kawaida, wanaishi pia waamini wetu wachache. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda huko kubariki nyumba na kuandika orodha ya wagonjwa wanaohitaji huduma ya kichungaji. Katika nyumba moja tulimkuta mama mwenye mtoto wa kiume, kijana mtu mzima, ambaye alikuwa ameugua akili kwa muda mrefu. Kijana alikuwa amekaa ukumbini, hatua tatu tu kutoka kiti chetu.

Tulimuuliza mama maswali mengi. Tuliuliza ameugua tangu lini, anatumia dawa gani, anakula, analala, anapiga watu. Tuliandika kila kitu katika daftari, tukasali, tukanyunyiza maji ya baraka, tukasimama kuondoka. Mama akatusindikiza mpaka njiani. Hapo, kwa upole na kwa heshima kubwa, akatwambia kwamba Padre ameuliza yote ila jina la mtoto wake, na kwamba mtoto mwenyewe alikuwa akisikia.

Tuliporudi nyumbani tulilifungua daftari. Ilikuwa kweli. Katika mstari wa nyumba ile tulikuwa tumeandika idadi, ugonjwa na miaka. Mahali pa jina palikuwa wazi.

Ni kisa hicho kilichotufanya tuyasome maisha ya Carothers kwa jicho lingine.

Daktari wa mgonjwa wa kila namna

Carothers alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akasomea udaktari London katika hospitali ya St Thomas. Mwaka 1929 aliajiriwa katika idara ya tiba ya koloni la Kenya. Kwa miaka ya mwanzo alikuwa daktari wa kawaida wa serikali, yule anayetibu malaria, kuhara na majeraha, akihamishwa kutoka wilaya hadi wilaya.

Mwaka 1938 alipewa usimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Hospitali hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1910 katika majengo yaliyotumika awali kuwatenga wagonjwa wa ndui, na kwa muda mrefu iliwatenganisha wagonjwa kwa rangi: Wazungu mahali pao, Wahindi mahali pao, Waafrika mahali pao. Pamoja na Mathari alikabidhiwa pia matibabu ya wafungwa katika gereza la Nairobi. Jambo la kushangaza ni kwamba alipoipokea kazi hiyo hakuwa na mafunzo yoyote ya magonjwa ya akili. Serikali ya kikoloni ilihitaji mtu wa kukijaza kiti, naye akakijaza.

Tumtendee haki. Angeweza kuihesabu Mathari kuwa adhabu na kuomba ahamishwe, lakini alikaa hapo miaka 12, hadi mwaka 1950. Alijisomea mwenyewe, na baada ya vita kuu ya pili alikwenda London kujipatia stashahada ya tiba ya akili. Aidha, alitaka kuelewa. Wengi waliokuwa na vyeo kama chake waliona inatosha kuwalisha wagonjwa na kuwafungia milango. Carothers aliweka kumbukumbu, akalinganisha, akaandika. Utafiti wa kitabibu juu ya magonjwa makubwa ya akili katika sehemu hii ya Afrika ulipata kwake mmoja wa waanzilishi wake.

Tukumbuke pia jinsi alivyokuwa na zana chache. Klopromazini, dawa ya kwanza iliyoonyesha nguvu ya kweli dhidi ya skizofrenia, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, miaka miwili baada ya yeye kuondoka Mathari. Tabibu wa siku zake alisimama mbele ya mateso makubwa akiwa karibu mikono mitupu.

Hesabu ya wagonjwa 558

Mwaka 1947 Carothers alichapisha uchunguzi uliompatia sifa. Aliwachukua Waafrika wote waliopokelewa Mathari kati ya mwaka 1939 na 1943, jumla yao 558, akawagawanya kadiri ya ugonjwa, kabila na mazingira ya maisha. Kisha aligawanya idadi yao kwa idadi ya wakazi wa Kenya, akapata kwamba kila mwaka ni watu 3.4 tu kati ya 100,000 waliokuwa wakilazwa kwa ugonjwa wa akili. Kiwango hicho kilikuwa chini mno kikilinganishwa na cha Uingereza au Marekani. Tena, kati ya wagonjwa hao aliona wachache sana wenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito inayomwondolea mtu hamu ya kuishi.

Kutokana na hesabu hiyo Carothers alihitimisha kwamba wazimu ni haba kwa Mwafrika anayeishi katika mila zake, na kwamba sonona karibu haimgusi. Aliona ugonjwa ukiongezeka kwa wale waliotoka vijijini kwenda kufanya kazi za mshahara.

Hapa ndipo yatupasa tusimame kidogo, kwa kuwa kosa lenyewe ni jepesi kulitenda na gumu kuliona. Ni nani aliyefikishwa Mathari katika miaka hiyo? Alifikishwa yule aliyevunja amani: aliyepiga watu, aliyechoma nyumba, aliyekutwa akitangatanga mjini, aliyekamatwa na polisi na kupelekwa mbele ya hakimu. Mama aliyekaa kimya jikoni miezi sita, asiyekula, asiyelala, aliyetamani kufa, hakuna polisi aliyemkamata. Mzee aliyepoteza fahamu za mambo alitunzwa na wajukuu. Kijana aliyesikia sauti alipelekwa kwa mganga, akarudishwa nyumbani. Hospitali ilikuwa moja, mbali na wengi, yenye sifa ya kutisha. Kwa hiyo daktari alipodhani anapima kiasi cha ugonjwa katika nchi, kwa kweli alikuwa akipima ni wangapi waliofika mlangoni pake.

Hesabu yenyewe ilifanywa vizuri, lakini wengi hawakuwamo ndani yake.

Kutoka hesabu hadi hukumu

Laiti Carothers angeishia hapo, leo angetajwa kama mtafiti aliyeanza njia ambayo wengine waliirekebisha. Lakini baada ya kuona kwamba huzuni ni adimu kwa Mwafrika, alitafuta sababu, na aliitafuta ndani ya utu wenyewe wa Mwafrika. Alifikiri kwamba sonona huhitaji mtu mwenye kujichunguza nafsi na kujiona mwenye dhamana, naye hakuamini kwamba Mwafrika ameufikia ukomavu huo.

Mwaka 1951 aliandika kwamba tabia za Mwafrika zinafanana na za Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, upasuaji uliokuwa ukifanywa siku hizo kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa maneno mepesi, alisema kwamba Mwafrika mzima wa afya huishi kana kwamba haitumii sehemu ile ya ubongo ambayo binadamu hupangia mambo yake na kuchukulia dhamana. Ni kweli kwamba aliyahusisha hayo kwa kiasi kikubwa na malezi na utamaduni, wala si damu peke yake. Lakini kwa msomaji wa siku zile tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Kilichobaki akilini mwake ni picha ya bara zima la watu wasiokamilika.

Shirika la Afya Duniani lilimwomba aandike kitabu juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, nacho kikachapishwa Geneva mwaka 1953. Mtu aliyejifunza kutoka kwa wagonjwa wa hospitali moja na wafungwa wa gereza moja alipewa kinywa cha kuwasemea mamilioni. Kutoka kwa waliopungukiwa na afya ya akili alichora sura ya walio wazima.

Tunda chungu la fikra hizo lilionekana upesi. Kenya ilikuwa katika vita vya Mau Mau, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilimwita Carothers, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi hospitalini huko Portsmouth, Uingereza, ili aeleze saikolojia ya uasi ule. Katika taarifa yake aliutazama zaidi kama msukosuko wa akili za watu walionaswa kati ya mila zinazobomoka na ustaarabu mpya wasioumudu. Kilio cha ardhi iliyochukuliwa na uhuru ulionyimwa hakikupewa uzito unaostahili. Aliunga mkono pia mpango wa kuwakusanya Wakikuyu katika vijiji, mpango ambao serikali iliutekeleza kwa nguvu. Zaidi ya watu milioni moja waliondolewa katika makazi yao, wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, na wengi humo waliteseka kwa njaa na maradhi.

Ndugu wapendwa, hatusemi kwamba daktari mmoja aliyasababisha hayo yote. Tunasema tu kwamba mtu akishaandikwa kuwa nusu mtu, haiwi vigumu tena kumtendea nusu ya haki.

Carothers aliandika tena juu ya akili ya mtu wa Afrika katika kitabu kilichotoka mwaka 1972, akairudia mada ile ile. Aliaga dunia mwaka 1989. Tunamwombea pumziko la milele.

Wengine walipokwenda kuuliza nyumbani

Maisha ya mtu hayaeleweki vema bila kuona kilichofuata. Wakati kitabu cha Geneva kikisomwa, kijana wa Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, aliyesomea udaktari Birmingham, alirudi kwao na kuanza kazi katika hospitali ya Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Mwaka 1954 alianza utaratibu mwingine: wagonjwa walipangishwa katika nyumba za wanavijiji jirani, pamoja na ndugu wa kuwaangalia, wakaenda hospitalini kwa matibabu na kurudi jioni kuishi kati ya watu. Lambo hakukubaliana na picha aliyoichora Carothers. Baadaye yeye na watafiti kutoka Marekani wakiongozwa na Alexander Leighton walikwenda vijijini, wakawahoji watu majumbani mwao, na matokeo yao yalitolewa mwaka 1963. Huzuni ile iliyosemekana kuwa adimu waliikuta, tena si haba. Ilikuwa haijawahi kuulizwa.

Karibu nasi zaidi, nchini Uganda, John Orley alifanya utafiti katika vijiji viwili na kuuchapisha mwaka 1979 pamoja na John Wing. Walilinganisha wanavijiji hao na wanawake wa Camberwell, mtaa wa kusini mwa London. Sonona ilionekana zaidi kwa wanavijiji wa Uganda kuliko kwa wanawake wa London. Kile ambacho hesabu ya Mathari ilikiona kuwa karibu hakipo, kilikuwepo kwa wingi tangu mtu alipoketi mkekani na kusikiliza.

Nalo Shirika la Afya Duniani, lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers, katika miaka ya 1960 lilianzisha uchunguzi wa skizofrenia katika nchi tisa, Nigeria ikiwa mojawapo. Uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa huo hutambulikana kwa dalili zile zile katika mataifa yote, na kwamba baada ya miaka miwili wagonjwa wa Nigeria na India, kwa ujumla, walikuwa katika hali bora kuliko wenzao wa nchi tajiri. Wataalamu wanaendelea kujadiliana sababu zake. Na katika shirika hilo hilo Lambo mwenyewe alipanda hadi kuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu.

Hata kisiwa chetu kina sehemu katika habari hii. Katika miaka ya 1990 mtafiti Mmarekani, Juli McGruder, alikaa na familia za Unguja zenye wagonjwa wa skizofrenia, wengine wao wakitibiwa katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Aliona kwamba familia nyingi hazikumlemea mgonjwa kwa lawama wala kwa madai yasiyokwisha. Ziliuona ugonjwa kuwa mtihani uliotoka kwa Mungu, zikamwacha mgonjwa akae kimya siku za kukaa kimya na ajiunge na wenzake siku za kujiunga. Utafiti uliofanyika Uingereza ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba mgonjwa anayerudi katika nyumba yenye ukali na lawama huangukia tena katika ugonjwa haraka kuliko anayerudi katika nyumba tulivu. Jirani zetu Waislamu na sisi tuna hazina hiyo ya subira majumbani mwetu. Tusiipoteze, lakini pia tusiifanye kisingizio cha kumnyima mgonjwa dawa.

Mafundisho kwetu

Mwaka 1996 Mtakatifu Papa Yohane Paulo II, akizungumza na wataalamu waliokutana Vatikani kujadili magonjwa ya akili, alifundisha kwamba mgonjwa wa akili daima anabeba sura na mfano wa Mungu, sawa na binadamu mwingine yeyote. Neno la kushika hapo ni daima. Ubongo unaweza kuugua kama moyo au figo unavyougua, lakini sura ya Mungu haiugui.

Katika Injili ya Marko, sura ya tano, watu wa nchi ya Wagerasi walijua mengi juu ya yule mtu wa makaburini. Walijua nguvu zake, kelele zake, na minyororo aliyoikata. Bwana wetu alimwuliza jina. Na habari ile inaishia na mtu aliyeketi, amevaa nguo, akili zake zimerejea, akitumwa nyumbani kwa jamaa zake. Hatuisomi habari hiyo ili kusema kwamba kila mgonjwa wa akili ana pepo. Hilo Kanisa halilifundishi, na limewaumiza wengi. Tunaisoma ili kujifunza mwenendo wa Kristo, Mchungaji anayewaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake.

Kwa hiyo, wapendwa, tunaomba mambo machache. Mwanafamilia akibadilika ghafla, akajitenga, akasikia sauti au akapoteza hamu ya kuishi, mpelekeni mapema hospitalini. Mtu asimwachishe mgonjwa dawa kwa sababu amekwisha kuombewa, maana sala na dawa hazigombani. Minyororo na kamba haviponyi. Jumuiya ndogo ndogo zikumbuke pia wanaowatunza wagonjwa, ambao huchoka na kuona aibu peke yao. Na katika Misa, mgonjwa akiinuka au akisema kwa sauti, tusigeuze vichwa sote kumtazama.

Tulirudi Kidichi baada ya juma moja. Tulimsalimu kijana kwanza, tukamwuliza jina, naye akalitaja polepole. Kisha akatuuliza la kwetu. Siku nyingine alitufundisha namna ya kuubandua mdalasini bila kuujeruhi mti, kazi aliyojifunza kwa babu yake, akatucheka tulipokosea. Hajapona. Anaendelea na kliniki, ziko siku nzuri na siku mbaya, na mama yake bado huchoka. Lakini katika daftari letu nafasi ile imejazwa, na kila tunapowaombea wagonjwa altareni, tunamwombea yeye kwa jina lake.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote.